Lita moja ya maji safi

Kwenye pakiti ya ORS, ule unga wa kukoroga na maji anaopewa anayeharisha, kuna maelekezo machache, na la kwanza, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, ni hili: chukua lita moja ya maji safi na salama. Nimeuza pakiti hizo miaka kumi na moja sasa kwenye duka la dawa muhimu, na kila ninapomsomea mteja, kidole changu huchelewa pale pale kwenye mstari wa kwanza. Inayofuata ni myepesi: mimina unga wote, koroga, mpe mtoto kidogo kidogo, kilichobaki baada ya saa ishirini na nne kimwagwe. Mama yeyote anaweza. Kazi iko kwenye hiyo lita.

Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, Tandale, Dar es Salaam, mwaka 1997.

Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita. Familia sita, choo kimoja cha shimo uani. Maji ya bomba yalitoka usiku wa manane nyumba ya tatu kutoka kwetu, kama yalitoka, na mama alikuwa akiamka saa nane kwenda kupanga ndoo. Siku ambayo hayakutoka tulichota kisimani kwa jirani. Yalikuwa maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, chai ikinywewa inabaki na ladha ya bahari, lakini kisima kilikuwa karibu na bei yake ilikuwa nafuu. Kilikuwa karibu na choo pia. Nilikuja kuzihesabu hatua baadaye nilipokuwa mkubwa, nikiwa nimekwisha kusoma na kujua nahesabu nini. Zilikuwa kumi na mbili.

Masika yalipoanza, vyoo vikatapishwa. Msomaji wa Dar analijua neno hili, lakini kwa ndugu yangu wa mbali nieleze. Shimo la choo likijaa na hela ya gari la kunyonya hamna, watu husubiri mvua kubwa. Ikishanyesha ya kutosha, hutoboa tundu ubavuni mwa shimo, na maji yanayopita mtaani yanabeba kila kitu. Majirani wanasikia harufu, wanafunga madirisha, na hakuna anayemsema mwenzake kwa sababu mwaka ujao ni zamu yake.

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu. Alianza kuharisha alfajiri, na kufika saa tatu asubuhi kilichokuwa kinatoka hakikuwa kinyesi tena. Yalikuwa maji meupe-meupe kama yale unayomwaga baada ya kuosha mchele. Macho yalizama. Alilia bila machozi, kisha akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtisha mama. Akamfunga mgongoni, akanishika mkono, tukaenda kambini.

Kambi ya kipindupindu ina kitanda chake, na aliyekiona hakisahau. Ni kitanda cha turubai kilichotobolewa tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Ndoo ina alama za vipimo. Nesi anainama, anasoma imejaa hadi wapi, anaandika kwenye karatasi, na kwa namba hiyo anajua mgonjwa arudishiwe kiasi gani. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Kilichotoka kikirudi kwa wakati, mtu anapona. Mdogo wangu alitundikiwa dripu mguuni, maana mkononi mshipa haukuonekana, na jioni akafungua macho na kuomba ubwabwa. Sitausahau mlio alioutoa mama.

Siku ya tatu tuliruhusiwa. Nesi akampa mama pakiti nne na kumwelekeza: "Mama, unachukua lita moja ya maji safi na salama, unamimina..."

Mama akamkatiza. "Maji safi yapi, dada?"

Hakuwa anabishana. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Chemsha, mama."

"Mkaa?"

Nesi akanyamaza kidogo. Kisha akachukua dumu la lita tano, akaenda nalo kwenye tangi la kambi, lile lenye maji yaliyotiwa klorini, akalijaza na kulifunga. Mama alilibeba kichwani hadi Tandale, mtoto mgongoni. Likawekwa juu ya kabati, na sisi wengine tulikatazwa hata kuligusa. Kwa siku zile lilikuwa ndilo dawa, na zile pakiti ni nyongeza yake.

Mwaka ule Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliokufa walizidi 2,200. Mmoja wao alikuwa mtoto wa chumba cha nne, tuliyekuwa tukicheza naye mdako pale uani. Walimpeleka jioni. Sisi tulikuwa tumekwenda asubuhi. Maji tulikunywa yale yale.

Kile kiunga cheupe kina historia ambayo ningependa kila anayekinunua aijue, kwa sababu hakikutoka kirahisi.

Mdudu wa kipindupindu hali nyama ya utumbo. Anatoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi bila breki. Kwa miaka mingi madaktari waliona hakuna maana ya kumnywesha mgonjwa, maana kila anachokunywa kinapitiliza, na tiba ya maana ikawa dripu peke yake. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa wanasayansi Prague, Mmarekani mmoja aitwaye Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, zikiingia zimeshikana mikono, na maji yakizifuata nyuma. Mlango huo sumu ya kipindupindu haiufungi. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash wakalijaribu jambo hilo kwa wagonjwa Dhaka, Bangladesh ya leo, na mahitaji ya dripu yakapungua kwa asilimia 80. Hata hivyo wakubwa wengi hawakuamini. Sukari na chumvi, kweli?

Walikuja kuamini kwa sababu ya Bongaon. Mwaka 1971, vita ya kuzaliwa kwa Bangladesh ikiwaka, wakimbizi karibu milioni 10 waliingia India, na kipindupindu kikaingia nao. Hospitali ndogo ya Bongaon, karibu na mpaka, ilikuwa na vyumba viwili vilivyojaa wagonjwa mpaka sakafuni. Daktari wa watoto kutoka Kolkata, Dilip Mahalanabis, alisimulia baadaye kwamba ili kumfikia mgonjwa na kumwekea dripu ilimbidi apige magoti kwenye matapishi na kinyesi. Ndani ya siku mbili akaona dripu zinakwisha na watu hawaishi kuja. Akaamua jambo ambalo lingeweza kumharibia jina. Timu yake ikapima chumvi, glukosi na magadi ya kuokea kwenye mifuko ya nailoni, ikaikorogea kwenye mapipa yenye koki, na ndugu wa wagonjwa wakaambiwa wachote wenyewe, wanyweshe wenyewe. Mama akimnywesha mwanawe, mke mumewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi asilimia 3.6.

Mahalanabis alifariki mwaka 2022. Watoto waliookolewa na dawa ile duniani wanakadiriwa kuzidi milioni 50. Jina lake halimo kwenye pakiti yoyote ninayouza.

Halafu Bangladesh yenyewe ikafanya jambo linalonigusa hata zaidi. Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake waliofunzwa kwenda nyumba kwa nyumba, wakikaa na kila mama na kumfundisha kutengeneza dawa hiyo kwa vitu vya jikoni kwake: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya gur, na kipimo cha maji. Gur ndiyo ile ile sukari guru yetu. Neno lilivuka bahari pamoja na bidhaa. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Baada ya muda alikuja mtu mwingine kumuuliza mama anakumbuka nini, na malipo ya mwalimu yakafuata kumbukumbu ya mama. Kwa miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Sijaona mpango wa afya uliomheshimu mama wa kijijini kuliko huo.

Wale akina mama walikuwa na kitu ambacho mama yangu hakuwa nacho. Karibu na nyumba nyingi palikuwa na kisima cha bomba la mkono kilichochimbwa chini kabisa, mbali na uchafu wa juu. Lita ilikuwepo. (Miaka ya 1990 ilikuja kugundulika kwamba maji ya vingi kati ya visima vile yana aseniki inayowadhuru watu polepole, na huo ni msiba mwingine. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yana jambo.)

Mahali ambapo lita haikuwepo ni Goma.

Julai 1994, mamia kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache na kukaa juu ya mawe ya volkano. Mwamba ule hauchimbiki. Hauchimbiki kisima, hauchimbiki choo, hauchimbiki kaburi. Maji yaliyokuwepo ni ya Ziwa Kivu, watu wakachota hapo, wakafua hapo, wakajisaidia jirani na hapo. Mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Dunia nzima ilikuwa inajua kutibu kipindupindu kufikia wakati huo, miaka ishirini na mitatu baada ya Bongaon. Wiki ya kwanza, maji yaliyosafishwa yaliyopatikana kwa kila mkimbizi yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa siku. Glasi moja, tena isiyojaa. Pakiti moja inahitaji glasi tano za aina hiyo, na mgonjwa mmoja anahitaji pakiti nyingi.

Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikatoka nje ya duka, nikasimama barabarani kwa muda. Nilikuwa nimemkumbuka yule nesi na dumu lake.

Sasa turudi nyumbani. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka tena Dar es Salaam, Kinondoni, kikasambaa mikoani na visiwani, na hadi mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000. Waliofariki walizidi kidogo 500.

Ziweke namba hizo kando ya zile za 1997. Kati ya wagonjwa mia moja wa mwaka ule, walikufa watano mpaka sita. Kati ya mia moja wa safari hii, hawakufika wawili. Hayo ni maendeleo ya kweli, na nawavulia kofia manesi, madaktari na wahudumu wa afya wa mitaani waliopita mlango kwa mlango na vidonge vya klorini. Lakini tazama upande wa pili. Wagonjwa zaidi ya elfu thelathini. Kila mmoja wao alikunywa au alikula kinyesi cha mtu mwingine. Sijui namna ya kulisema hili kwa heshima zaidi, na nadhani tumelisema kwa heshima kwa muda mrefu mno. Tumejifunza kumvuta mtu kutoka mtoni, na kila masika tunamwacha atumbukie tena pale pale.

Lawama huwa inapelekwa kwa mama. Mabango yanamwambia chemsha maji, nawa mikono, funika chakula. Ni maneno mazuri, na mimi mwenyewe nayasema kila siku dukani. Lakini hebu tumfuate mama huyo kwa siku moja.

Maji ya bomba hayajatoka. Mkokoteni umepita, amenunua madumu mawili ya lita 20. Muuzaji anasema ni maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na pengine ni kweli, lakini madumu yake yamelala chini ya mkokoteni tangu jana na mifuniko yake ni vipande vya nailoni. Mama anamimina kwenye pipa. Watoto wanachota kwa kikombe, na mkono unaingia na kikombe. Maji yaliyotoka salama kwenye mtambo yanachafuka hapo, hatua mbili kutoka mdomoni. Akitaka kuchemsha ya kunywa tu kwa watu sita, ni sufuria mbili kubwa kila siku, kwa mkaa ule ule anaopikia ugali na maharage. Akishachemsha, yanataka kupoa mahali penye mfuniko, na chumba ni kimoja. Wanaotaka achemshe kila siku bila kukosa, mwaka mzima, nawaomba wajaribu wao mwezi mmoja kwa kipato chake.

Dukani kwangu naiona sehemu ya mwisho ya safari hiyo. Mteja anafika mbio, ana haraka: "Dokta, nipe flajili, mtoto anaendesha." Mimi si daktari, nimeshasema mara nyingi, lakini jina hilo halitoki. Flajili ni dawa nzuri kwa magonjwa yake. Mtoto anayeharisha maji kwa kawaida haihitaji, na inayohitajika inadharauliwa kwa sababu ni rahisi. Wapo wanaonisukumia pakiti ya ORS kurudi upande wangu wa kaunta na kusema, "Hiyo sukari ninayo nyumbani." Inanichukua dakika tano kueleza kwamba haifungi tumbo na haikusudiwi kulifunga, inarudisha kilichopotea ili mtoto asikauke wakati tumbo linajisafisha. Naongeza zinki, siku kumi hadi kumi na nne, na hapo napoteza wengine, maana kuharisha kukikoma siku ya tatu nani atakumbuka kidonge siku ya tisa?

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kipimo. Pakiti nzima ndani ya chupa ya soda ya nusu lita, kwa sababu ndiyo chupa iliyokuwa mezani. Ikiwa hivyo chumvi inazidi, na badala ya kumnywesha mtoto unamkausha. Ndiyo maana naokota chupa za maji za lita moja, naziosha, nazikausha juani nyuma ya duka, na kila anayenunua pakiti anaondoka na chupa. Asiye na pakiti kabisa namwandikia ya nyumbani: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Naandika "lita moja" na kuipigia mstari. Neno "safi" naliandika kwa herufi kubwa, na moyo unanisuta kila ninapoliandika.

Yasiyo na gharama kubwa yapo, na nayataja kwa sababu yanafanya kazi. Kidonge cha klorini kwenye ndoo, usubiri nusu saa. Ndoo ya plastiki yenye koki chini na mfuniko juu, ambayo mkono hauingii. Maji yasiyo na tope kwenye chupa angavu juani kwa saa sita, kukiwa na wingu siku mbili. Haya yanaokoa watoto wiki hii, na wiki hii ndiyo aliyonayo mama aliyesimama mbele yangu. Lakini yote yanamwachia yeye kazi ya kusafisha maji, na hiyo ni kazi ambayo mji unapaswa kuifanya mara moja kwa niaba ya watu wote.

Mwaka 1892 Hamburg na Altona, miji miwili ya Ujerumani iliyogusana, yote ilikunywa maji ya mto Elbe. Hamburg iliyavuta bila kuyachuja. Altona, iliyokuwa chini zaidi ya mto na kupokea uchafu wa mwenzake, iliyapitisha kwanza kwenye mchanga. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,600 Hamburg, na Altona ikakiona kwa mbali. Kwenye mtaa uliokuwa mpaka wa miji hiyo, upande mmoja wa barabara watu waliugua na upande wa pili walikaa salama. Hewa ilikuwa moja, chakula kimoja, hata tabia zilifanana. Waliachana kwenye bomba.

Sisi mitambo tunayo. Ruvu Chini ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, Ruvu Juu lita milioni 196. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wa Dar es Salaam 5,383,728. Chukua kalamu ugawe: zaidi ya lita 80 kwa kila mtu, mtoto na mzee. Toa za Kibaha na Bagamoyo, toa za viwanda na hoteli, toa zinazovuja njiani kwenye mabomba yaliyozeeka, toa siku za kiangazi kikali mto unapopungua kama mwishoni mwa 2022. Toa vyote hivyo, bado mtoto anayeharisha anataka lita moja. Siamini kwamba mji unaozalisha kiasi hicho hauna lita moja ya mtoto. Naamini mabomba yamefuata walio na uwezo wa kulipia kuunganishwa, na hawa wengine wakaachiwa mkokoteni, ambao kwa kila lita wanaulipa mara kadhaa ya anacholipa mwenye bomba ndani.

Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuyatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 zilijizuia kupiga kura. Kati ya zilizojizuia ni Tanzania na Kenya. Mwezi mmoja baadaye Kenya ilizindua katiba mpya, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, kando kando na haki ya afya. Yetu ya 1977 haina kifungu cha namna hiyo. Najua kifungu hakitoi maji, muulize mkazi wa Kibera. Ila kinampa mtu mahali pa kusimama anapodai, na mimi ningependa wateja wangu wawe na mahali pa kusimama.

Leo zaidi ya watu bilioni 2 duniani hawana maji ya kunywa yaliyo salama nyumbani kwao. Na usidhani maji na hospitali ni habari mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina maji na sabuni, au hata dawa ya kusugua mikononi, mahali pa kuhudumia mgonjwa na chooni.

Dada yangu alijifungua mwaka juzi kwenye zahanati moja nje ya mji. Wiki mbili kabla alipewa orodha: glovu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika kitandani, sabuni. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine: maji ndoo mbili. Uchungu ulipoanza saa saba usiku, shemeji alimshika mkewe, na mama yetu, aliyekwisha kuwa bibi wa magoti mabovu, akabeba ndoo. Alinisimulia jinsi mkunga alivyonawa: mwenzake akimmiminia kwa kikombe, maji yakiangukia kwenye beseni, na yale ya beseni yakatumika tena kupigia deki. Mkunga yule alikuwa mwema na mwepesi wa mikono, mama anamsifu hadi leo. Alikuwa na ndoo mbili za kumhudumia mama, mtoto, sakafu na yeye mwenyewe. Kabla ya kutoka kwao, mama alimwachia maji yaliyobaki kwa ajili ya mzazi aliyefuata, ambaye alikuja na ndoo moja.

Masika iliyopita bibi mmoja alinijia na mjukuu mgongoni. Nilimwamkia, akaitikia huku akihema. Mtoto alikuwa anaharisha tangu usiku, midomo imekauka, lakini alikuwa na nguvu ya kulia, na machozi yalitoka. Nikamwambia akizidi, akitapika kila anachopewa au akilegea, aende kituo cha afya bila kupita kwangu. Nikamtolea pakiti na zinki na kuanza kumsomea. Hatukuvuka mstari wa kwanza.

"Hayo maji safi, mwanangu, mimi niyatoe wapi?"

Nina ndoo yenye koki nyuma ya kaunta siku hizi. Nikachukua chupa, nikajaza lita, nikakorogea pale pale mbele yake, nikampa na kijiko. Alikaa kwenye benchi la mteja karibu saa nzima akimlisha mtoto kijiko kimoja kimoja, na mimi nikiendelea na wateja.

Kesho yake asubuhi alirudi. Mtoto alikuwa ameamka vizuri. Chupa ilikuwa imeoshwa, na mkono wa pili ulikuwa na dumu la lita kumi. "Leo nimekuja na yangu," akasema. "Niwekee ile dawa ya kusafishia."

Nikafungua dumu. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Nikadondosha kidogo kiganjani, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ya chumvi.

"Kisima hiki, bibi, na choo, vimeachana kiasi gani?"

Akageuka, akatazama nje mlangoni. Upande wa pili wa barabara bodaboda ilikuwa imeegeshwa chini ya mwembe.

"Kama pale," akasema.